Deni Nililoliita Zawadi

Mu bloku yetu hapa Mantapala kuna kijana anayechaji simu kwa sola. Ana kompyuta moja ya zamani, betri yake imekufa kabisa, wingu likipita tu na kompyuta inazima. Ndani yake kuna magemu. Siyo ya mpira wala ya kukimbiza magari, hayo watoto wanacheza mu simu. Haya ni ya namna nyingine. Unapewa mtu mmoja, unamtembeza katika nchi isiyokuwepo, unaongea na wenyeji wake, na kila mara gemu inakuuliza: sasa utafanya nini? Utamsaidia huyu ao utamwibia? Utasema kweli ao utadanganya? Ukishachagua, gemu inaandika. Mbele ya safari utakutana na matunda ya ulichochagua: mlango uliofungwa, bei iliyopanda, mtu anayekukimbia au anayekusalimia kwa heshima.

Mimi ni mtu mzima, niko na watoto watatu, na najua kuna watakaocheka kusikia kama nakaa jioni na kijana wa miaka 19 mbele ya kompyuta. Mucheke tu. Lakini gemu moja ilinishika shingoni kwa jambo nililofanya hapa mwaka 2019, jambo ambalo watu wa bloku yetu wananisifu nalo mpaka leo. Nataka kulisema hapa. Mama anayehusika nimekwisha kumwambia kwanza, na amenikubalia niandike, kwa sharti nisitaje jina lake.

Gemu yenyewe inaitwa Ultima IV. Ni ya mwaka 1985, imezeeka kuliko huyo kijana na nusu ya wasomaji wa gazeti hili. Picha zake ni vidoti tu, unaandika maneno kwa Kiingereza, nayo inakujibu kwa Kiingereza cha zamani ambacho kijana ananitafsiria huku anajikuna kichwa. Aliyeitunga ni Richard Garriott, wa kule Marekani. Gemu za namna hii zamani zilikuwa na kazi moja: kukusanya silaha, kwenda kumuua mwovu mkubwa, basi. Katika hii hakuna mwovu mkubwa anayekungoja mwishoni. Kazi yako ni wewe mwenyewe kuwa mtu mwema, kwa fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, mambo ya roho na unyenyekevu.

Mwanzo wake ulinifanya nicheke kwa uchungu. Kabla hujaingia katika ile nchi unakaa mbele ya mwanamke mpiga ramli, naye anakuuliza maswali saba. Nilikumbuka meza za Kenani mwaka 2017, tulipokuwa tumevuka tu, bado vumbi la njiani liko mu masikio: jina, umri, mko wangapi, mlitoka wapi. Tofauti ni kwamba maswali ya Kenani yalikuwa na majibu. Ya yule mwanamke hayana. Kila swali linagombanisha fadhila mbili, na lolote utakalochagua unaacha nyingine. Mojawapo ni hili: umepewa mfuko wa dhahabu umpelekee mtu, dhahabu haikuhesabiwa, na njiani unakutana na maskini anaomba. Utaufikisha mfuko mzima kama ulivyoaminiwa, au utamtolea maskini sarafu moja, maana hakuna atakayejua kama imepungua?

Nilichagua huruma bila kufikiri. Kijana akaniambia, «Yaya, nilijua utachagua ile. Weye uko mutu wa huruma, bote banajua.»

Tukaendelea. Katika mji mmoja kuna mama anayeuza majani na mizizi ya dawa. Ni kipofu. Unamwambia unataka kiasi gani, anakutajia bei, halafu wewe unaandika umeweka pesa ngapi mkononi mwake. Haoni. Kijana, ambaye amekwisha kucheza magemu mengi, akasema tuweke sarafu moja, tujaribu. Tukaweka moja. Yule mama akachukua, tukapata dawa zetu, wala hakuna kengele iliyolia. Hakuna askari. Hakuna namba iliyoshuka juu ya kioo, kwa sababu katika Ultima IV hesabu ya fadhila zako imefichwa. Mpaka uende mu nyumba ya mfalme, kuna mzee pale, ukimuuliza atakuambia kwa maneno tu uko karibu au mbali na kila fadhila. Tulipomwendea siku ile, habari ya ukweli haikuwa nzuri.

Mimi nikazima kompyuta. Kijana alifikiri ni wingu.

*

Sasa nieleze. Kule Pweto nilikuwa mvuvi, halafu mchuuzi wa samaki, halafu vyote viwili. Mwanzoni mwa 2017 nilichukua nyavu kwa mkopo dukani kwa bwana mmoja karibu na bandari. Nyavu za dola 70. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliandika mu kaye yake, akaniambia, «Utaleta pole pole.» Sikuwa nimeleta hata dola moja wakati vita ilipotufikia. Waliotoka Pweto, Moba na Manono hawahitaji nieleze 2017 ilikuwa namna gani, na ambao hawakuwepo hawatapata picha yake kwa aya moja yangu. Nilivuka kupitia Chiengi pamoja na mke na watoto. Nyavu zilibaki mu maji.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kuna jambo ambalo sisi wakimbizi hatulisemi sana mbele ya wageni. Kukimbia kunakunyang'anya nyumba, ndugu, shamba, hayo kila mtu anajua. Lakini kunakunyang'anya jina pia, na kama jina lako lilikuwa na madoa, kuna usiku unashukuru. Pweto nilikuwa mtoto wa fulani, aliyewahi kupigana na fulani, anayedaiwa na fulani. Zambia nilikuwa namba mu karatasi na watu watano mu familia. Hapana mtu aliyeniuliza: unadaiwa na nani? Na mimi sikusema. Kuna watu hapa, siwataji, wanaoamini kwamba Ziwa Mweru liliosha kila kitu, kama ubatizo. Nami niliamini hivyo karibu mwaka mzima.

Halafu, mwanzoni mwa 2019, nikamwona mke wa yule bwana kwenye kisima. Alikuwa amefika akiwa na watoto wanne. Bwana yake alikufa kwa ugonjwa mu pori walipokuwa wakijificha. Mimi nilimtambua mara moja, alikuwa akipitia dukani kuleta chakula cha mchana. Yeye hakunitambua. Wateja wa bwana yake walikuwa wengi, na yeye hakuwa anakaa dukani.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kwenda Kashikishi kununua chisense na kuja kuiuza hapa. Faida kidogo, lakini ilikuwepo. Nikasikia mtoto wake mdogo anaumwa na hana nauli ya kumpeleka hospitali. Jioni nikaenda na kwacha 300, nikampa mbele ya majirani. Nilikuwa nimepanga kusema, «Mama, hii ni sehemu ya deni.» Naapa, nilikuwa nimelipanga lile neno tangu njiani. Mdomo ulipofunguka ulisema, «Mama, pokea hii kidogo, tusaidiane.»

Akapiga magoti. Akapiga makofi polepole kama mama zetu wanavyofanya. Majirani wakasema Mungu akubariki. Mwezi wa nane nikampa 300 nyingine, ya mbegu na jembe, na safari hiyo hata sikupanga kusema lolote. Krismasi akaniletea kuku. Watoto wake wakaanza kumchotea mke wangu maji. Na mwaka uliofuata, watu wa kikundi chetu cha kuweka pesa, kile wenzetu wa Zambia wanakiita chilimba na sisi likelemba, walipotafuta mtu wa kukaa na sanduku, jina langu lilitajwa la kwanza. «Huyu hawezi kula pesa ya bantu, hata yake anagawa.» Mpaka leo sanduku liko kwangu. Sijawahi kugusa ngwee ya mtu, hilo naweza kuapa.

*

Nilimsimulia kijana haya yote jioni iliyofuata. Yeye ni mwerevu, anasoma sekondari kwa Kiingereza, na alinitetea vizuri kuliko ningejitetea mimi. Alisema: mama alihitaji pesa, pesa alipata. Mtoto alienda hospitali. Mbegu zilipandwa. Kama ungesema «deni», kwacha 300 zingegeuka kuwa 400? Neno ni upepo tu, Yaya. Matokeo ni yale yale.

Ni hoja nzito, na watu wenye elimu kubwa kuliko yake wanaisimamia. Nilikaa nayo siku nyingi. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Hawakuongeza kwamba lazima utaje ugonjwa wakati unakunywa dawa.

Lakini tazama kilichotokea kati yangu na yule mama. Kabla ya jioni ile, mimi nilikuwa mdaiwa na yeye mdai, ingawa hakujua. Kama ningesema «deni», angeipokea pesa akiwa amesimama, angeihesabu, angeuliza «na nyingine lini?» Ni haki yake kuuliza. Badala yake alipiga magoti. Kuanzia siku ile yeye ndiye akawa na deni kwangu: la shukrani, la kuku, la maji ya watoto. Nilichukua dola zake 70, nikamrudishia sehemu, na juu yake nikamfanya anidaiwe. Na wala haikuwa dola tu. Ile pesa ilikuwa kitu cha mwisho ambacho bwana yake alimwachia bila yeye kujua, kazi ya mikono ya marehemu, na mimi nikaigeuza ikawa wema wangu.

Gemu ya 1985 isingedanganyika hapo. Kule kumpa maskini kunaongeza huruma, na kumpunja yule kipofu kunashusha ukweli. Ni vitabu viwili. Huwezi kulipa katika kimoja kwa kuweka katika kingine.

Siyo gemu zote ziko hivyo, na hapa ndipo nilianza kuzipima zenyewe. Kijana alinionyesha Baldur's Gate, ya 1998, ambamo sifa yako ni namba moja tu, kutoka 1 mpaka 20. Ukifanya uovu ikashuka, unaenda hekaluni, unatoa sadaka ya dhahabu, inapanda. Na ikipanda, wenye maduka wanakupunguzia bei! Nilimuuliza kijana kama mtunzi wake alikuwa mhubiri. Lakini baada ya kucheka niliona kwamba yule wa hekaluni ni mimi kabisa. Nilitoa kwacha 600 na nikapata sanduku la likelemba.

Kuna nyingine, Fallout: New Vegas ya 2010, ambayo naiona imeelewa maisha ya watu zaidi. Ni jangwa la Nevada baada ya vita ya mabomu makubwa, na kuna makundi mengi: jamhuri yenye askari wengi na kodi nyingi, jeshi la mtu anayejiita Caesar, miji midogo, magenge. Kila kundi lina hesabu yake juu yako, kwa hiyo unaweza kuwa mtakatifu huku na mwizi kule. Na katika kila kundi kuna hesabu mbili, ya sifa na ya lawama, wala moja haifuti nyingine. Ukiwatendea watu mema mengi na mabaya mengi, hawakuoni kama mtu wa katikati. Wanakuona kama mtu asiyeeleweka, wanakushukuru na kukuogopa kwa pamoja. Mimi nimewajua watu wa hivyo, wengine walikuwa na bunduki. Katika gemu hiyohiyo ukivaa nguo za jeshi fulani, watu wanakupokea au kukupiga risasi kwa ajili ya nguo, si kwa ajili yako. Nyinyi ndugu wa mashirika mnaovaa jaketi zenye nembo, nafikiri hapo hamhitaji maelezo: mmekwisha kusalimiwa kwa mazuri ambayo mwenzenu alifanya, na kutukanwa kwa ahadi ambayo si nyinyi mliitoa.

Ila kilichonikaa kichwani ni kitu kingine cha gemu hiyo. Ukifika mahali fulani katikati ya hadithi, wakubwa wa pande mbili wanatuma watu kukuambia kwamba makosa yako yote kwao yamesamehewa. Hesabu ya lawama inafutwa. Kijana alifurahi, maana alikuwa ameua askari wengi wa Caesar. Mimi nikauliza: na wale waliouawa, walisemaje? Hawaulizwi. Msamaha unatoka kwa mwenye nguvu, siyo kwa aliyeumizwa. Nikaona kwamba hicho ndicho nilichofanya na lile ziwa. Zambia ilinipokea, ikanipa kiwanja na karatasi, naishukuru kwa moyo wote. Lakini zile dola 70 hazikuwa za Zambia, na Zambia haikuwa na uwezo wa kunisamehe.

*

Msomaji mwenye haraka atasema: basi, tunahitaji mtu wa kutuhesabia, kama gemu. Jicho linaloona kila kitu, namba ya kila mtu, hakuna kujificha. Sikubali. Kwanza, tayari tunazo namba. Ndugu zetu wa Kenya wanajua, tangu M-Shwari ianze mwaka 2012 simu inaweza kukupangia kiwango cha mkopo kwa kutazama unavyotumia na kulipa. Simu inajua umechelewa siku tano. Haijui kwamba siku hizo ulikuwa matangani. Na hapa kambini, kila mara panapokuwa na orodha ya wanaostahili kitu, sote tunajifunza upesi sana orodha inapenda nini. Siwalaumu watengeneza orodha, hakuna njia nyingine ya kugawa kidogo kwa wengi. Nasema tu kwamba mtu akijua anapimwa kwa huzuni ataleta huzuni, na akijua anapimwa kwa bidii ataleta bidii, na baada ya muda hata yeye mwenyewe hajui kipi ni chake.

Garriott nadhani alilifikiria hilo alipoficha namba. Kama ile gemu ingeandika juu ya kioo «ukweli: umepungua» wakati tunaweka sarafu moja, tungerudi kuweka zote, si kwa ajili ya mama bali kwa ajili ya namba. Kwa kuficha, alituacha sisi na mama tu.

Lakini hata hapo kuna mlango wa nyuma. Katika karibu kila gemu unaweza kuhifadhi ulipofika, ufanye uovu uone utakavyokuwa, halafu urudi nyuma kama hakikutokea. Kijana anafanya hivyo kila siku. Anamuua mtu, anacheka, anarudi, anamwamkia. Mwaka 2015 ilitoka gemu inayoitwa Undertale, ya Toby Fox, ambayo inakukamata kwa hilo. Ukimuua mama anayekulea mwanzoni, halafu ukajuta, ukarudi nyuma na kumwacha hai, kuna ua moja linaloongea litakalokuambia kwamba linajua ulichofanya. Kijana aliniambia alipoliona mara ya kwanza alishtuka mpaka akaangalia nyuma yake.

Nilitamani kurudi kwenye jioni ile ya 2019 na kufungua mdomo upya. Hilo ndilo gemu ingenipa. Lakini fikiria: kama ningerudi, nikasema «deni», na yule mama asijue kabisa kwamba kuna jioni nyingine ambamo alinipigia magoti, ningekuwa nimemlipa nani? Magoti aliyopiga yalipigwa kweli, mbele ya watu. Yanaweza kulipiwa kwa kuanzia hapa tulipo tu, na yeye akiwa anajua.

*

Nilikwenda kwake siku ya Jumanne, saa za alasiri, alipokuwa anatwanga mihogo. Nilikwenda bila pesa, kwa makusudi. Niliogopa nikiwa na pesa mkononi mdomo utafanya mchezo wake tena.

Nikamwambia yote: nyavu, kaye, dola 70, jioni ya kwacha 300. Nilitegemea atalia, au atanisamehe. Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kusamehewa, nilikuwa na sura yake tayari.

Aliweka mchi chini. Akauliza, «Nyavu za namna gani?»

Nikamweleza. Akasema, «Zile zilikuwa za mwisho. Alizileta kutoka Lubumbashi, tukagombana juu yake, nilimuambia bei ni kali, hazitauzwa.» Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, karibu kwa furaha, «Kumbe aliuzisha.»

Halafu sura ikabadilika. «Sasa ile kuku,» akasema.

«Kuku gani, Mama?»

«Ile kuku ya Noeli. Nilikupatia juu ya nini? Nilifikiri weye uko mutu wa kunisaidia. Kama ni deni tu, njo mambo gani ya kukupatia kuku?»

Sikuwa na jibu. Akaita binti yake mkubwa, yule anayesoma, aje na kalamu. Wakapiga hesabu palepale juu ya kipande cha boksi. Mimi nikasema nimekwisha kutoa kwacha 600. Akasema deni halikuwa la kwacha, lilikuwa la dola. Mwanzoni mwa 2019 dola ilikuwa kwacha kama 12, kwa hiyo 300 ya kwanza ni dola 25. Mwezi wa nane ilikuwa 13, kwa hiyo 300 ya pili ni 23. Jumla 48. Zimebaki 22. Kuku alikuwa wa kwacha 70, Krismasi ile dola ilikuwa 14, kwa hiyo ni dola 5. Zinakuwa 27. Binti alirudia hesabu mara mbili. Tangu hapo dola imepanda, kwa hiyo kilichobaki, nikilipa leo, kinakaribia kuwa sawa na vyote nilivyowahi kutoa. Nilitaka kulalamika kidogo. Nikaona uso wa mama, nikaacha.

«Na maji?» nikauliza. «Watoto walichota maji miaka yote.»

Akafikiri. «Maji acha. Bibi yako alikuwa nabapatia bukari. Ile ni yabo.»

Nikamwambia nataka kuandika habari hii katika gazeti letu, watu wajue. Akakubali, kwa sharti la jina kama nilivyosema. Lakini akaongeza kwamba kuandika hakutoshi. Wale majirani waliosikia akinishukuru, nusu yao hawasomi. «Balinisikia kwa masikio. Utabaambia kwa mudomo, pale pale.» Na watu wa likelemba nao, nibebe sanduku, nilifungue mezani, wahesabu, halafu niseme, halafu waamue wenyewe litakaa kwa nani. Nikauliza kama yeye, akiwa mwanachama, angependa libaki kwangu. Akasema hilo atalisema siku hiyo, si leo.

Mkutano ni Jumapili baada ya ibada. Kuhusu zile 27, nimemwambia ukweli: ziwa limefungwa tangu Desemba, Kashikishi hakuna chisense ya kununua, mpaka mwisho wa Februari sina biashara. Akasema anajua ziwa limefungwa, yeye pia ni mtu wa Pweto. Tutaanza mwezi wa tatu, dola 5 kila mwezi, na atakuwa anaandika mu kaye.